Kikombe cha Kwanza cha Kokushubila

Kwa miaka thelathini, Kokushubila wa Muleba hakuwahi kumpa mgonjwa wa vidonda vya tumbo dawa yake ya magome kabla ya kuinywa yeye mwenyewe. Ndivyo mama yake alivyomfundisha: mgonjwa akuone ukimeza. Kwa hiyo Nuriat, mtafiti kutoka Bukoba, alipomwambia kwamba dawa itajaribiwa kwanza kwa panya, Kokushubila alipandwa na hasira.

"Panya! Mimi nainywa kila siku, mbona sijafa?"

"Ni kweli, mama. Lakini hatujui ikizidi kiasi gani italeta madhara."

Kokushubila alimpa magome huku akinung'unika. Miezi minane baadaye Nuriat alirudi, akaketi jikoni kwake. Panya walionyweshwa hata mara kumi ya kipimo cha Kokushubila walikuwa wazima, na vidonda vya tumboni mwao vilikuwa vikifunga. Sasa, alisema, ataomba kibali cha kuijaribu kwa watu.

Kokushubila aliinuka. Kisha akamimina dawa kikombe kimoja na, kwa mara ya kwanza, hakukipeleka mdomoni mwake. Alimpa Nuriat.

"Kunywa," alisema. "Hao watu wako watataka kukuona ukimeza."