Neno Nililolikimbia kwa Bibi

Juzi nilishuka Makambako nikiwa njiani kwenda Njombe, na pale stendi nikakuta vijana wawili wameshikana mashati wakigombea abiria. Mmoja akamtamkia mwenzake, "Nyoko!" Watu wakaguna. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha akamvuta mjukuu wake nyuma ya kanga. Mimi nilibaki nimesimama na begi mkononi kama mtu aliyeitwa. Rafiki yangu, nivumilie nikueleze kwa nini. Hilo ni neno ambalo wewe na mimi tulifundishwa kutolitamka, na kwa sababu yake nilipoteza siku nne ambazo sijazipata tena.

Nilizaliwa palepale Makambako, katika nyumba ya kupanga si mbali na reli, mtoto pekee wa mama yangu. Ua wetu ulikuwa na Wabena, Wakinga, Wahehe na Wanyakyusa, kwa hiyo sisi watoto tulikua na Kiswahili tu. Mama alikuwa Mbena, lakini nyumbani hakusema Kibena. "Utajifunza ukikua," aliniambia, akiwa ameinamia karai la maandazi. Neno lile nililiokota kwa wavulana wa mtaani. Nililitamka mbele yake mara moja tu, akanipiga mdomoni kwa mwiko uliokuwa bado na unga. Hakuniambia maana yake. Nikajua ni tusi, basi.

Nilipokuwa darasa la tatu, mama alianza kuumwa tumbo. Uvimbe ulikua hadi akashindwa kufunga kanga vizuri. Baba akampeleka hospitali ya Ikonda, na kwa kuwa alipaswa kubaki huko kumuuguza, mimi nikapelekwa kwa bibi mzaa mama, upande wa Lupembe.

Kule nilikutana na baridi ambayo sikuwahi kuijua. Asubuhi ukungu ulilala juu ya shamba la chai la bibi hata usione mwisho wake, na vidole viliuma kabla hujachuma hata kiganja kimoja. Bibi alinivalisha sweta lake, mikono imekunjwa mara tatu. Tulichuma hadi lori la kiwanda lilipopiga honi barabarani, kisha tukarudi jikoni, kuni za miwati zikilia motoni na viazi vikichemka na maganda yake. Moshi ulikuwa mwingi lakini hakuna aliyetaka kukaa nje.

Bibi alikuwa na Kiswahili kidogo cha kanisani na cha gulioni, akikichanganya na Kibena chake. Jioni ya kwanza alinimenyea kiazi, akanitazama usoni, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Nyoko anaendeleaje?"

Kiazi kilinitoka mkononi. Sikuamini. Bibi wa watu, mwenye kitabu cha nyimbo za Kilutheri kwenye kabati, ananitukana, tena mama yangu akiwa mgonjwa! Nilikimbilia chumbani nikajifunika blanketi. Kesho yake akauliza tena, nikaziba masikio. Siku ya tatu alianza tu, "Nyoko…" nikatoka mbio hadi kwenye miti ya miwati nikalilia huko. Nilimwona kwa mbali amesimama mlangoni, ameshika upande wa kanga, hajui amekosa nini. Baada ya hapo akaacha kuniuliza. Tulichuma chai kimya, tukala kimya. Ukiwa ule sijui nikufananishie na nini. Watu wawili wanaompenda mtu mmoja, na hakuna anayeweza kumtaja mbele ya mwenzake.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kisha jioni moja mwinjilisti alikuja na barua ya baba. Akamsomea bibi kwa Kibena, wakaongea kwa sauti ya chini. Alipoondoka bibi akanisogelea, akanishika mabega. "Nyoko," akasema, na machozi yakamlenga, "nyoko anaku…" Nikajichomoa mikononi mwake nikakimbia. Nilirudi giza likiingia, nikalala bila kula.

Siku ya nne baada ya hapo nilichoka. Katika shule ya kijiji nilikohamishiwa, nilikwenda kwa mwalimu wangu wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, bibi yangu ananitukana."

"Anakutukanaje?"

Nikamnong'oneza sikioni. Alikaa na chaki mkononi, hakucheka.

"Kwani kwenu hamsemi Kibena?"

"Hatusemi."

"Sikiliza, mwanangu. Aliyekuzaa, wewe unamwita mama. Mimi nikikuuliza habari zake, kwa lugha yetu nasema nyoko, yaani mama yako. Tukimsema mama wa yule pale, ni yuva. Kila mama ana mwenyewe. Hata Waswahili wa zamani walikuwa nalo neno hilo kwa heshima, likachafuliwa na wagomvi."

Kengele ilipolia aliliacha somo la hesabu, akauliza kila mtoto kwao mama anaitwaje. Mmoja aliyetoka Mlangali akasema neno la Kipangwa, wengine wakasema la Kikinga. Mwalimu akaongeza la Kiingereza na la Kiarabu. Kisha akatuambia tufumbe midomo na kuguna. Darasa zima likaguna kama mzinga wa nyuki. "Mtoto anayenyonya amefumba midomo juu ya ziwa," akasema. "Akitaka kulia au kushukuru, sauti inayoweza kupita ni hiyo "mmm". Ndiyo maana mnaikuta huku na kule duniani." Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nafikiria mikono ya bibi kwenye mabega yangu.

Sikungoja kengele ya kwenda nyumbani. Nilimkuta bibi shambani, kapu mgongoni. Nikamwambia, "Bibi, nyoko… hapana, mama. Mama anaendeleaje?"

Akatua kapu chini. Kwa maneno ya lugha mbili akanieleza kwamba mama alikuwa akiniulizia mchana na usiku, kwamba baba aliandika tuje upesi wakati bado ana nguvu ya kuongea. Bibi hakutaka kuniburuta kwenda kwa mama ambaye, kwa alivyoona yeye, sikutaka hata kusikia akitajwa.

Tuliondoka alfajiri iliyofuata. Barabara ya Makete ilikuwa tope tupu, tukalala njiani. Tulipofika Ikonda mama alikuwa hai, lakini sauti ilikuwa imekwisha tangu juzi yake. Nilimwita. Macho yake yakanikuta, yakakaa juu yangu muda mrefu. Kisha yakahamia kwa bibi, midomo yake mikavu ikajifumba, ikafumbuka, ikajifumba tena. Bila sauti, lakini sote tuliliona neno.

"Ananiita," bibi akasema, akapiga magoti kando ya kitanda. "Ndiyo, mwanangu. Niko hapa."

Nakuambia kweli, nilimwonea bibi wivu. Nilitaka neno la mwisho la mama yangu liwe jina langu, nikasahau kwamba na yeye alikuwa mtoto wa mtu. Alifariki kesho yake mchana.

Nilikaa kwa bibi hadi nilipomaliza shule. Hatukuzungumza kamwe kuhusu zile siku nne. Hakunilaumu, nami sikupata ujasiri wa kumwomba msamaha. Lakini jioni, tukimenya viazi, alikuwa akianza mwenyewe, "Nyoko alipokuwa na umri wako…" Akanieleza alivyoogopa ng'ombe, alivyoimba sauti ya pili kanisani, alivyokataa uji wa ulezi. Neno nililolikimbia likawa ndilo ninalolisubiri kutwa nzima.

Bibi naye amekwenda, baba alimtangulia. Jiko limebomolewa, na pale palipokuwa na chai yetu wamiliki wapya wamepanda parachichi. Watoto wa kijiji wananiamkia kwa Kiswahili safi. Kibena changu ni cha kusikia zaidi kuliko kusema, na hayupo wa kunisahihisha. Walio hai hawakumjua mama yangu, kwa hiyo hakuna wa kunieleza jambo lake moja ambalo silijui. Zamani alikuwa mama kwangu, nyoko kwa bibi alipozungumza nami, yuva kwa majirani walipomtaja wao kwa wao wakitupita njiani. Sasa ni mama tu. Amebaki wangu peke yangu, na sikujua kwamba kuwa na mtu peke yako ni upweke kiasi hiki.