Mshona Kofia wa Mpendae

Habari imenikuta Makunduchi, nilikokwenda kwa siku mbili nikakaa wiki tatu, kama ilivyo ada yangu: mshona kofia wa Mpendae ametangulia mbele ya haki. Wengi wenu hamkumjua. Alilea watoto watatu wa marehemu dada yake kwa sindano yake, nami niliwahi kumkosea.

Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini nilikuwa karani katika ofisi moja mjini iliyotoa shilingi chache kila mwezi kwa wanaolea watoto wa jamaa zao. Sikudumu, sijadumu kokote. Asubuhi moja aliingia na watoto wake, mdogo wao, msichana wa miaka minne, kashika pindo la buibui. Nikauliza kwa sauti ya ofisi, "Mayatima wenyewe ndio hawa, Bi?"

"Hapa hamna yatima. Andika watoto."

"Fomu inataka neno hilo. Bila hilo fedha hazitoki."

"Basi zisitoke." Akawakusanya wakaondoka. Jirani yake aliyebaki kwenye foleni akaninong'oneza kwamba yule mdogo hajui kuwa mama yake alikufa kwa kumzaa.

Kesho yake nikamfuata Mpendae saa ambayo watoto wako chuoni wakisoma Kurani. "Umekuja na karatasi au na kichwa cha kupimwa?" akaniuliza.

"Vyote, Bi."

Akacheka, akanipima. "Karatasi yako haina haya. Imetaka nseme mbele yao."

"Kosa si la karatasi. Ni langu."

Nikamuuliza upya, polepole. Akaweka sindano chini, akalitamka lile neno mara tatu, kila mtoto kwa jina lake, kisha akalia. Tangu mazishi hakuwa amepata nafasi ya kumlilia dada yake.

Zamani kibaba cha mchele kilipitia mlango wa uani, na hakuna aliyeulizwa kitu. Siku hizi jamaa tumetawanyika, mimi wa kwanza, na siilaumu ofisi: mkono mmoja haulei mwana, na shilingi zile zilitia mafuta kwenye taa aliyoshonea.

Niliacha kazi, nikaondoka bila kuichukua kofia yangu. Juzi nilipofika matangani, yule msichana aliniletea, imefungwa kwenye kitambaa. "Mama alisema mwenye kichwa atarudi," akaniambia. "Na habari za mama aliyenizaa alinambia mwenyewe, tulipokuwa tukishona."

Kofia imenikaa sawasawa. Mwenye cha kumsaidia mlezi na atoe, tena kwa wingi. Ila kabla ya kuuliza, atazame kwanza nani ameshika pindo la buibui.