Kafi Lililokuwa Likicheza

Kazini walimwita Chupa, naye aliitika bila kinyongo. Kila Jumatatu na Alhamisi alizunguka bwawa la maji ya kunywa la mji, peke yake ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Alisimama kwenye maboya kumi na moja, akachota maji na kuyajaza kwenye chupa za kupelekwa maabara. Boti za injini zilipigwa marufuku pale, maana mafuta yakivuja ni mji mzima utakaoyanywa. Kwa hiyo kazi yote ilibebwa na kafi na mabega yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Kafi lenyewe lilikuwa na bapa huku na bapa huku, na katikati liliachana vipande viwili ili lienee kwenye buti ya gari la ofisi. Bomba moja liliingia ndani ya jingine, kitufe kidogo cha springi kikachomoza kwenye kitundu na kushika.

Mwaka ule kifundo cha mkono wake wa kulia kilianza kumsumbua. Kwanza maumivu yalikuja boya la tisa, kisha la sita, na ilipofika katikati ya mwaka alikuwa akiondoka gatini tayari amekunja uso. Nyumbani hakuweza tena kukamua nguo. Viazi alimenya mumewe, tena kwa maganda mazito hivi kwamba kilichobaki kuingia sufuriani kilikuwa cha kuhurumia. Chupa alitazama tu. Alikuwa amechoka hata kulalamika.

Alikwenda kwa daktari, akamweleza kwamba kila akivuta kafi, mkono unalia.

"Unalia vipi?"

"Tk. Kama kitu kimeruka kutoka mahali pake."

Daktari akaukunja, akaukunjua, akaweka sikio karibu. "Mbona sasa haulii?"

"Unalia nikiwa kazini tu."

"Mama, umeshakula chumvi ya kutosha," daktari alisema, akiandika dawa. "Mwili nao unaomba kupumzika."

Akarudi na vidonge na bendeji. Alijikaza kisabuni miezi mingine miwili, kila Jumatatu na kila Alhamisi, akiisikia ile tk upande wake wa kulia na kuhesabu moyoni mifupa iliyobaki. Mwishowe aliandika barua kwa mkuu wa kitengo, kuomba ahamishiwe ndani. Mkuu, kijana aliyeweza kuwa mwanawe, alimwita siku hiyo hiyo.

"Tumekukubalia, mama. Mwezi ujao utaanza masjala. Kwa kweli tulikuwa tunasubiri uombe mwenyewe."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Chupa alishukuru, akatoka, akasimama kwenye korido akijifanya anasoma tangazo la vizima moto.

Alhamisi iliyofuata gari la ofisi lilikuwa gereji na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameshaondoka. Akarudi nyumbani kwa basi, vipande viwili vya kafi mapajani, watu wakiyakwepa mabapa kila breki ilipokanyagwa. Alipofika aliviegemeza nyuma ya mlango, akaketi kwenye kochi na kuutumbukiza mkono ndani ya beseni la maji ya moto.

Mumewe alikuwa seremala mstaafu. Tangu aache kazi alikuwa amejiteua mkaguzi wa nyumba. Hakuna bawaba iliyolia wala mguu wa meza uliopwaya yeye asijue. Aliviona vile vipande, akaviunganisha ili aone vinavyoshikana, akalizungusha kafi mkononi.

Tk.

Chupa akautazama mkono wake. Ulikuwa umetulia tuli ndani ya maji.

"Fanya tena," alisema.

Tk.

"Kitu hiki kinacheza," mumewe alisema. Akashika bapa moja na kuligeuza jingine; likaenda upana wa kidole na kurudi. "Kinacheza sana. Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani ni mkono wangu."

Mumewe alitaka kucheka, kisha akamwona uso, akaacha. Akaja kuketi kando yake.

"Sasa ndiyo nimeelewa," alisema taratibu. "Ukivuta, bapa linapinda. Unalirudisha na kifundo. Ukivuta tena, linapinda tena. Kwa siku unavuta mara ngapi?"

"Elfu kadhaa."

"Basi."

Chupa aliutoa mkono majini. Alifikiria vidonge, bendeji, ile barua. Machozi yalimlenga, lakini hata kulia kulitaka nguvu.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walitandika gazeti kwenye meza ya jikoni. Mumewe alileta skrubu.

"Tunatoboa, tunaipitisha, yaishe."

"Halafu nilibebe vipi? Lisipoachana halienei kwenye gari."

Skrubu ikarudi mfukoni. Chupa alianza kwa kuyaosha mabomba ndani na nje, akatoa mchanga mwingi ajabu, rangi ya kijivu, laini kama unga. Mchanga huo ndio uliokuwa ukilisaga bomba la ndani kidogo kidogo hadi likapwaya. Kitundu cha kitufe nacho hakikuwa duara tena, kilikuwa umbo la yai. Hicho mumewe alikichukua mwenyewe: alikijaza gundi ya chuma, ile ya kuchanganywa mirija miwili, akasema ataitoboa upya kesho ikikauka.

Lakini mabomba yenyewe bado yalipwaya. Walizungusha utepe wa umeme juu ya bomba la ndani, likakataa kuingia. Wakajaribu selotepu, ikaingia mara moja, na walipovuta ikatoka imejikunja kama ngozi ya nyoka. Walikuwa wamekaa wakiitazama ndipo mdogo wake Chupa, mwenye saluni, akabisha hodi na begi lake la kazi begani.

"Mnamfanyia nani upasuaji?" aliuliza.

Wakamweleza. Akapitisha kucha juu ya bomba, akafikiri. "Kinachotakiwa ni kitu chembamba kinachokauka kigumu. Dada, hiyo si ndiyo kazi yangu?" Akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva.

"Kafi la serikali hilo," shemeji yake akasema.

"Shemeji, litakuwa kafi la serikali lililopendeza."

Walipaka mkono mmoja mwembamba wa rangi, wakangoja ukauke, wakapitisha msasa laini, wakapima. Bado. Wakapaka wa pili. Kwa wa tatu mdogo wake alikosa subira, akapaka mzito, wakaunganisha kabla haujakauka sawasawa, na mabomba yakang'ang'aniana. Chupa akashika huku, mdogo wake kule, wakavuta. Yalipoachia, mdogo wake alikwenda kukaa sakafuni kwa kishindo na nusu ya kafi kifuani, akabaki hapo hapo.

"Nimeumia heshima tu," alisema. Chupa alicheka, cheko fupi lililomshangaza mwenyewe.

Walikwangua ile rangi, wakarudia kwa utaratibu. Jumapili mumewe alitoboa kitundu kwa kekee ndogo kuliko zote, akakipanua kwa tupa ya mviringo, akijaribu kitufe kila mara. Mwishowe vipande viliingia kwa kubana kidogo, kitufe kikaruka na kushika. Alipolizungusha, halikusema kitu.

Jumatatu Chupa alikuwa bwawani saa moja asubuhi. Boya la kwanza, la pili, la sita. Kafi lilikaa kimya, bapa likiingia majini vile alivyolituma. Mkono ulimuuma bado, kwa mazoea labda, lakini kufikia mwisho wa wiki ya pili aliweza kukamua taulo.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo.

"Barua ile niliiandika kwa sababu ya kafi," alisema, akamweleza yote.

Mkuu alisikiliza, akakuna kidevu. "Binti wa kushika nafasi yako ameshapatikana, lakini hajaanza. Unataka kuirudisha barua, mama? Sema sasa hivi."

Chupa alikuwa amekuja na jibu. Njiani alilikariri. Lakini kiti kilikuwa laini, na alipoketi alihisi magoti, mgongo, baridi ya alfajiri zote zile za miaka kumi na tisa. Mkono ulikuwa umepona. Uchovu ulikuwa wake kweli.

"Hapana," alisema. "Nitakwenda masjala. Ila andika makafi yote yakaguliwe maungio kila mwezi. Huyo binti asije akaambiwa ni mifupa."

Mkuu aliandika, yeye akingoja pale hadi nukta ya mwisho.

Jioni mumewe alimuuliza kama barua imerudi.

"Sikuirudisha."

"Kwa nini tena?"

"Nimechoka, mume wangu."

Mumewe akasogea kwenye kochi kumpa nafasi. Chupa akaketi, akavua viatu kwa mikono miwili, na kuinyoosha miguu mbele yake.