Vishindo vya Miguu Yangu

Kama umekuja kunicheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sina homa wala sijaonja pombe. Mwenye shaka aje nyumbani kwangu Itetemia, nitatembea mbele yake sebuleni. Atasikia mwenyewe. Au tuseme hatasikia.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na msimu wa harusi nashona magauni. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wako Dar na Mwanza, wanapiga simu Jumapili baada ya misa. Siku nyingine zote nilikuwa na cherehani na redio, kisha redio ikaharibika. Nilipokuwa nikitoka chumbani kwenda jikoni nilisikia miguu yangu sakafuni, pa, pa, pa, wa kushoto ukiburuta kidogo kwa sababu niliwahi kuuvunja. Nakwambia kweli, kuna siku nilizunguka tu humo ndani ili nisikie kwamba kuna mtu. Umewahi kuwa mpweke kiasi hicho? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako.

Kukimbia nilianza kwa ajili ya presha. Daktari alisema nitembee, nikatembea, nikachoka kutembea, nikakimbia. Majirani wakapata cha kuongea. Mama Shija, wa nyumba ya pili, akiniona narudi na jasho alikuwa ananiuliza, "Mama mtu mzima, unamkimbia nani?" Namjibu, "Wewe na umbea wako." Tunacheka. Halafu yeye anaingia kwake kwenye wajukuu wanaopiga kelele, nami naingia kwangu.

Ikatangazwa kwamba kutakuwa na nusu marathoni hapa mjini. Nikajiandikisha. Sikutaka medali, medali nitaivalia wapi? Nilitaka kuanza mahali penye watu na kumaliza mahali penye watu. Ndiyo haja yangu yote, usinitafutie nyingine.

Mazoezi nilifanya alfajiri kwenye njia ya zamani ya kuelekea Ntalikwa, ile waliyopita wapagazi enzi hizo wakipeleka mizigo pwani. Hakuna pikipiki huko. Ni mashamba ya karanga, kisha miti. Asubuhi moja, kumeshapambazuka kiasi cha kuona majani ya karanga, nikasikia njuga mbele yangu. Mwanamume mmoja alikuwa anatembea, njuga miguuni, mzigo begani umeviringishwa kwenye mkeka. Nikadhani ni mcheza ngoma anatoka kwenye shughuli. Nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka." Hakuitikia. Nikakaa nyuma yake mpaka njia inapoingia mitini, hapo nikageuza kurudi kama kawaida yangu.

Kesho yake alikuwepo tena. Na kesho kutwa yake.

Mwenye akili angebadili njia, sivyo? Mimi niliwahi kuamka zaidi. Yeye alikuwa anatembea na mimi nakimbia, na bado umbali kati yetu haukupungua, na hilo peke yake lilitosha kunifumbua macho. Sikutaka kufumbuliwa. Nilikuwa nimepata mtu. Nikawa nausimulia mgongo wake mambo yangu: zipu mbovu wanazotuuzia siku hizi, mume wangu alivyokuwa akikoroma, watoto wanavyosema "tutakuja mama" na hawaji. Hakunijibu hata mara moja, lakini njuga zilikuwa zinalia, na kwangu mimi hayo yalikuwa mazungumzo.

Sasa nikueleze jambo ambalo wengine hamlijui. Babu zetu walikuwa wapagazi, na kila msafara ulikuwa na mtu wa mbele, kilangozi. Kilangozi hapitwi. Ukimpita, anakunyang'anya kitu chako, na utakipata mwisho wa safari. Baba yangu alitulea hivyo hivyo. Tukienda shamba, mtoto akimtangulia, baba anamvua kofia au kiatu kimoja, unachechemea hivyo hivyo na kiatu chako kiko mkononi mwake. Mkifika shambani anakurudishia. Hakupiga mtu wala kugomba, ilikuwa ndiyo sheria ya njia. Kwa hiyo nilijua. Msije mkasema sikujua.

Lakini wakimbiaji tuna ugonjwa wetu. Ukiona mgongo wa mtu mbele, miguu inawasha. Wiki ile ya mbio mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi hewa ni nzuri, mwili mwepesi, na mara ya kwanza nikaona umbali kati yetu unapungua. Nikajisifu. Nikasema kumbe nimeiva! Nikapiga hatua, nikampita, nikatupa "samahani" kama mstaarabu.

Njuga zikanyamaza. Nikageuka. Alikuwa mtu wa kawaida, uso wa uchovu tu, ila amejaa vumbi tangu nywele mpaka vidole vya miguu, na mimi hapo nimesimama kwenye tope.

"Umenipita, mama," akasema. Hakuwa na hasira. Akaweka mzigo sawa begani. "Utachukua tukifika."

Sikuuliza nitachukua nini. Nilirudi kwa mbio ambazo daktari angezishangaa. Mbwa wa Mama Shija, anayenibwekea kila siku ya Mungu, aliendelea kulala. Mama Shija alikuwa anafagia, amenipa mgongo. Nikamsalimia, akapiga ukelele na ufagio ukamtoka.

"Umetokea wapi wewe? Mbona huna vishindo?"

Nikacheka. Nikaingia ndani, nikatembea kwenda jikoni. Kimya. Nikakanyaga kwa nguvu sakafuni. Kimya. Nikavaa viatu vyangu vya kanisani, vile vya kisigino vinavyofanya watu wageuke, nikazunguka meza. Kimya kabisa. Nikakaa chini nikalia, na kilio changu kilisikika vizuri sana. Ni sauti ya miguu tu iliyochukuliwa. Nilikuwa na vishindo hivyo tu ndani ya nyumba ile, na vyenyewe vikaenda.

Siku ya mbio nilikwenda hivyo hivyo. Pale mwanzo, katikati ya miguu ya watu wote wale, nani angejua kwamba yangu haisikiki? Nilifurahi jamani. Kisha vijana wakaniacha, akina mama wa umri wangu wakaniacha, barabara ikawa nyeupe mbele yangu. Karibu na mwisho, mahali lami inapokatana na njia ya zamani, nikasikia njuga.

Na nyuma ya njuga, pa, pa, pa, wa kushoto ukiburuta. Vyangu! Nyuma yake miguu mingine, mingi, na sauti za wanaume wanaoguna wimbo chini ya mizigo. Sikuona mtu hata mmoja. Niliona majani tu yanalala na kuinuka. Walikuwa wanakwenda pwani, wote pamoja, na baada ya vishindo vyangu palikuwa na kimya kidogo, nafasi ya mtu mmoja. Niamini nikikwambia kwamba sikuogopa. Nilitamani. Nikatoka kwenye lami, majani yakanigusa miguu.

"Mama! Mama wa fulana ya kijani!"

Nyuma yangu kulikuwa na bwana mmoja mnene, amejishika ubavu, anahema.

"Nakuomba usiniache, mama yangu. Tangu tumeanza nafuata mgongo wako. Ukikata kona, mimi nakaa hapa hapa chini."

"Njia ndiyo hiyo, baba. Nenda."

"Peke yangu siwezi."

Neno hilo nalijua mimi. Nimelisema mara ngapi, nikiwaambia kuta? Nikasimama. Njuga nazo zikasimama, nadhani zilinipa muda. Nikarudi kwenye lami. Nikazisikia zinaanza tena, na vishindo vyangu vikaondoka nazo, taratibu, bila mimi.

Tulimaliza wa mwisho, watu wanafungua kamba. Kuna dada mmoja wa kugawa maji alitupigia makofi. Bwana yule anaitwa Masanja, anatengeneza baiskeli kule Ziba, alikuja peke yake bila wa kumsindikiza. Akaniambia, "Ajabu, mama, muda wote nimesikia miguu yangu tu." Tukapeana namba za simu, jioni akapanda basi, akarudi kwao.

Mpaka leo nyumba yangu iko hivyo. Wateja wanashtuka nikiwatokea nyuma, na Mama Shija amenikataza kuingia kwake bila kuita. Masanja hupiga simu jioni. Naweka sauti kubwa, simu juu ya cherehani, namwomba atembee huku anaongea, avae kandambili. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Anatembea, nami nasikiliza mpaka salio linakatika.

Alfajiri nyingine nasikia vyangu. Mwanzoni vilipita karibu na dirisha. Sasa viko mbali, kila msimu vinazidi kwenda mbali, na siku vitakapofika pwani sitakuwepo kuvipokea.

Kwa hiyo wewe unayekimbia alfajiri, nakuonya. Ukisikia njuga mbele, usizipite. Usizifuate pia, hasa kama uko mpweke, maana mpweke ndiye anayewekewa nafasi. Simama kwanza ugeuke uangalie nyuma. Huenda kuna mtu anahema huko, anafuata mgongo wako.