Mke Mwenza wa Umeme

Bibi yangu huniita mume wangu. Ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu, na huyu mke niliyefunga naye ndoa kanisani hajampunguzia bibi haki hiyo hata kidogo. Kwa hiyo alipofika nyumbani kwangu Cheyo na kukuta mashine ya kutotolesha vifaranga inanguruma sebuleni, aliikagua juu hadi chini, kisha akaiamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mke mwenzangu."

Tangu hapo sikupumua. Mara mke mwenza leo kanuna, mara mke mwenza anapenda kukaa ndani. Kwa kweli lilikuwa friji bovu lenye balbu mbili, feni na bakuli la maji, lakini nililiunda kwa mikono yangu na sikupenda lichekwe.

Utani ule ulificha woga. Kwao Goweko ugonjwa wa mdondo ulikuwa umefagia kuku wake wote wa kuchi, wale warefu wenye maringo, uzao alioanza nao siku alipoolewa na babu. Yalibaki mayai kumi na mawili. Alikuja nayo kwa treni, ndoo mapajani, yamefukiwa ndani ya pumba za mpunga.

"Haya yakiwa viza," aliniambia bila mzaha, "kuku wa babu yako wamekwisha."

Niliyapanga ndani ya mashine huku nikimhubiria nyuzi joto na unyevu. Nilimwonyesha ninavyoyageuza mayai mara tatu kwa siku. Aliitikia tu, "Ehee."

Siku ya kumi na mbili niliwahi kurudi kutoka kazini. Plagi ilikuwa sakafuni, mlango wa mashine wazi, na bibi ameketi mkekani anachambua maharage.

"Bibi! Nani kachomoa?"

"Mimi. Mwenzangu ameenda kula."

Kumbe kila siku saa sita alikuwa akiipa mashine mapumziko ya chakula!

"Kuku anayeatamia huinuka, akala, akanywa, akarudi," alinifundisha. "Wewe umemfungia mwenzangu siku zote hizi hajaonja hata punje. Ndiyo ndoa gani hiyo?"

Nilikasirika, tena sana. Nikamwambia neno ambalo mjukuu hasemi: kwamba kuku wa babu amewamaliza yeye kwa mkono wake. Jioni alinitengea ugali na maharage yale.

"Karibu, mjukuu," akasema.

Mjukuu! Sijawahi kutukanwa vikali namna hiyo. Nilibaki mjukuu kwa siku tisa. Kila saa sita bibi aliitazama plagi, asiiguse, na mimi nilikosa amani ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya ishirini na moja mayai yakaanza kutoboka. Kufikia asubuhi ya pili nilikuwa na vifaranga tisa. Kabla ya hapo, katika mayai kumi na mawili sikuwahi kupata zaidi ya watano, jambo ambalo bibi sikuwa nimemwambia. Alipiga magoti, akaipangusa mashine vumbi kwa khanga yake kabla hata ya kuwatazama.

"Hongera, mke mwenzangu. Pole na uzazi."

"Nisamehe, bibi," nikasema.

Aliwahamisha vifaranga mmoja mmoja kwenye boksi lenye taa, akamshika wa mwisho kifuani kwa muda mrefu, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Saa sita hiyo, mume wangu. Mwenzangu hajala."

Nikainama, nikachomoa plagi.