Nimemtafsiria mpuliza harmonika kama pasta

Jamani, leo mkono wangu ulibaki hewani mbele ya watu, nikakosa pa kuuficha.

Hapa Buffalo kaja mzee Mfaransa, mpiga muziki wa bluzi kwa harmonika, kile kinanda cha mdomoni. Kiingereza hajui. Mwenye duka la santuri pale Grant Street akaniita mimi ninayejua Kifaransa nimtafsirie, awasimulie watu maisha yake ya muziki.

Bon. Mimi kutafsiri nimejifunzia kanisani tu. Kwetu pasta akipaza sauti, mkalimani naye anapaza. Akiruka, unaruka.

Mzee akasema kwa upole, "Santuri yangu ya kwanza niliirekodi jikoni kwa mama."

Nami nikanguruma kwa Kiingereza, mkono juu: "JIKONI! KWA MAMA YAKE!"

Watu kama kumi na tano wananikodolea macho. Mzee mwenyewe kashtuka. Nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo bibi mmoja Mmarekani Mweusi, kiti cha nyuma, akaitikia: "Amen!"

Weee! Mzee akanyoosha mgongo, akaanza kupaza yeye! Santuri ya pili, amen. Ya tatu, ile iliyokataliwa na redio zote, amen, watu wamesimama.

Mwishoni kaniambia, "Binti, nimerekodi miaka arobaini. Leo ndiyo mara ya kwanza watu wananiitikia kabla sijapuliza."

Kesho Jumamosi anapiga Columbus, Jumapili Louisville. Anataka twende wote.

Donc, ndugu zangu wa Columbus, nani ana kitanda?

Na Pasta, najua unasoma hapa: Jumapili utafute mkalimani mwingine.