Uliza Kabla ya Kusukuma

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi, nami niliifundisha kwa ukali: usiguse kiti cha magurudumu cha mtu kabla hujamuuliza. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Kenya nilikokulia, baada ya nchi yetu kupata uhuru, na chuo chetu kilikuwa kimeungana na chuo kimoja cha Uganda kufundisha washauri wa kazi, yaani watu wa kukaa na mtu aliyepoteza mguu au macho, wakatafuta pamoja kazi anayoiweza. Sisi tulifundisha, wao walituma mtahini, na kituo kimoja cha miguu ya bandia kiliahidi kumwajiri kila atakayefaulu.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameshaanguka mtihani kwa sababu ya kanuni hiyo. Alikuwa mama wa makamo, aliyekulia ukimbizini Uganda kisha akarudi kuuza chakula mtaa wa Gumbo, ng'ambo ya daraja. Kwenye mtihani wa kwanza alimkuta mteja wa kushauriwa juani, akashika kiti na kumsukuma hadi kivulini kabla hata ya salamu. Mtahini akamwangusha papo hapo. Mama akaja kwangu amefura.

"Mwalimu, mtu anaungua jua, mimi nauliza nini? Kwetu ukiuliza ni kama hutaki kusaidia."

Nilimwambia hata kwetu ni hivyo, ndiyo maana tunasoma. Lilikuwa jibu la kijeuri, lakini nilimpenda yule mama na niliogopa ataanguka tena. Nafasi ya tatu haikuwepo. Akishindwa, kazi ya kituoni inakwenda kwa mwingine, na yeye anarudi kwenye moshi wa kuni.

Mtihani wa pili ukaangukia Ijumaa, mkesha wa sikukuu ya uhuru. Mji ulikuwa umenuna tangu jana yake, askari walipopigana risasi kwenye kizuizi cha barabarani. Nilitaka tuahirishe. Mtahini, kijana nadhifu asiyependa kukatizwa, akasema gari lake linarudi mpakani Nimule kesho, kwa hiyo ni leo au basi. Tukakaa katika darasa dogo mtaani Atlabara: yeye, mimi, mama, na mteja, mzee aliyekuwa mwanajeshi hadi bomu la ardhini lilipomkata miguu yote miwili.

Mama alianza vizuri. Alivuta kigoda, macho yao yakalingana, akauliza habari za nyumbani, usingizi na nguvu za mikono. Mimi nilikuwa nimekunja vidole chini ya meza kana kwamba ndiye ninayetahiniwa. Ndipo akafika kwenye swali kubwa.

"Baba, wewe unataka kazi gani?"

Risasi zikalia. Si moja wala mbili; zilimiminika, zikafuatwa na mizinga, madirisha yakatetemeka. Mtahini akaingia chini ya meza. Mimi, mwenye kanuni, nilirukia kiti cha yule mzee na kukisukuma mbio kuelekea mlangoni.

"Mwalimu! Hujauliza!" mama akapiga kelele.

"Niulize nini, wewe mwanamke? Husikii?"

Mzee akayabana magurudumu kwa mikono yote miwili, kiti kikagoma. Nikazidi kusukuma kwa hasira. Mama akanipiga kikumbo, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Baba, nasukuma?"

"Sukuma. Lakini geuza mimi kwanza. Iko ngazi."

Ngazi! Nilizipanda na kuzishuka kila siku, na ningemmwaga mzee wa watu kifudifudi kwenye saruji. Tulimteremsha kinyumenyume, mama akishika nyuma, mimi mbele, tukavuka njia hadi ua wa kanisa lenye ukuta mnene. Mtahini alitufuata na kiatu kimoja.

Pale uani watu walisali, wengine wakipiga simu zisizoingia. Mama akajifuta uso, akachuchumaa tena.

"Baba, hujanijibu."

"Kushona," mzee akasema. "Nguo yote. Ya askari, la."

Mtahini alitazama mguu wake usio na kiatu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mama amefaulu. Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

Mapigano yalipotulia mtahini aliondoka na msafara wa Nimule, na chuo chake hakikutuma mwingine. Wageni waliokiendesha kile kituo cha miguu ya bandia nao walirudi makwao, mlango ukatiwa kufuli. Ikawa mimi wa kumpelekea mama habari. Nilimkuta pale pale kanisani, akiwapikia uji watu waliokimbia nyumba zao, mzee kando yake akichambua maharagwe. Nikasema yote kwa mkupuo: umefaulu, lakini kazi haipo. Aliendelea kukoroga.

Mzee akakigeuza kiti chake mwenyewe, akainama mpaka macho yao yakalingana.

"Na wewe, mama, unataka kazi gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Chuo kilimchagua kwa kuwa anajua lugha nyingi, nami nilimsukuma hadi mtihani wa pili. Mwiko ukasimama sufuriani. Machozi yalimtoka, asiyafute.

"Hii," akasema, akionyesha sufuria na watu waliosubiri uji. "Mimi iko nataka hii tu."